Bei ya Mkanda Nayo ni Uhakiki: Historia Fupi ya Vibanda vya Video Tunduma na Wateja Wake

Utangulizi

Siku moja jioni, katika kibanda kimoja cha kukodisha sidii mjini Tunduma, karatasi mpya ilikuwa imebandikwa juu ya ile ya zamani. Shilingi mia tatu imekuwa mia tano. Kijana mmoja wa shule aliisoma, akaisoma tena, kisha akamwambia mwenye kibanda, "Kaka, jana si ilikuwa mia tatu?" Akajibiwa, "Jana ilikuwa jana, mdogo wangu. Umeme umepanda." Kijana hakubisha. Aliirudisha sidii mahali pake, akatoka nje kwa wenzake wawili, wakanong'onezana, kisha wakarudi wote watatu na sarafu zao: mia mbili, mia mbili na mia. Wakaondoka na sidii moja. Mwenye kibanda akacheka kicheko kisicho na furaha: "Haya bwana. Wateja watatu wamekuwa mmoja."

Mwandishi wa makala haya alikuwepo pale kibandani, na hajalisahau tukio hilo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sisi tuliosomeshwa uhakiki hatulitilii maanani. Tumezoea kuiuliza kazi ya sanaa maswali ya kawaida: dhamira zake ni zipi, wahusika wamechorwaje, lugha imetumikaje, mandhari ni ipi. Swali la bei hatuliulizi. Tunawaachia wachumi. Tunasema "hadhira" kana kwamba hadhira huteremka yenyewe kutoka mbinguni na kukaa kwenye benchi, ilhali ukweli ni kwamba hadhira hupita mlangoni, na mlangoni pana mtu aliyeshika daftari na kikopo cha fedha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, jinsi bei ya kuona filamu ilivyoingia na kupanda katika mji wa mpakani kama Tunduma. Pili, jinsi wateja walivyoijibu bei hiyo. Tatu, na hili ndilo kubwa, jinsi majibu hayo yalivyopenya mpaka ndani ya fani ya filamu zenyewe. Msimamo wetu tunautaja mapema ili tusimpotezee msomaji muda: mteja anayekataa kulipa, anayechangishana, anayechungulia au anayehamia kwingine, anahakiki. Hana istilahi zetu, lakini hukumu yake ndiyo inayouma zaidi.

Sinema ya bure na sinema ya kulipia

Watu wa vijijini katika nchi hii hawakuanza kuona sinema kwa kulipa. Wakoloni walipoanza kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, kama katika lile jaribio la BEKE lililokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, lengo lilikuwa kuwafundisha: safura, kodi, kilimo, kuweka akiba posta. Baadaye yakaja magari ya sinema, yakawa yanasimama uwanjani jioni na kuonyesha picha bila kiingilio. Baada ya uhuru serikali iliendelea na njia hiyo kwa kampeni zake. Mtu aliyeiona sinema kwa namna hii hakuwa mteja, alikuwa mwanafunzi. Ikimchosha, aliondoka kimya au alilala. Hakuwa na la kudai kwa sababu hakutoa kitu.

Mijini hali ilikuwa tofauti. Majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Zanzibar yalikuwa na viti vya bei mbalimbali, na watu walijuana kitabaka kwa mahali walipokaa. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, ilikuja kushika uingizaji na usambazaji wa filamu, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ikaweka utaratibu wa ukaguzi. Lakini hayo yote yalikuwa ya mjini. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970.

Mlango ulifunguliwa 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana fedha hizo zimetoka wapi. Kuanzia 1985, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, mambo yakawa ruksa. Pamoja na mitumba na sabuni zikaingia televisheni na deki za video. Basi kwa karibu miaka kumi, Bara ilikuwa na televisheni nyingi kuliko matangazo ya televisheni. Ukiwa na kioo kisicho na kituo cha kukirushia picha, utakifanyia nini? Utatafuta mkanda. Hapo ndipo biashara ya kibanda cha video ilipopata mzizi wake: kukodisha mikanda kwa wachache wenye deki, na kuwaonyesha kwa kiingilio wengi wasio nayo.

Tunduma ilifaa sana kwa biashara hiyo. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia na kwenye reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi 1976. Ng'ambo ya mpaka kuna Nakonde, na aliyesimama katikati asipoangalia mabango anaweza asijue yuko nchi gani. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Malori ya kwenda Zambia na Kongo husubiri karatasi, na dereva anayesubiri karatasi ni mtu mwenye saa nyingi na kazi chache. Ongeza wabadilisha fedha, makuli, wanafunzi, na wafanyabiashara waliolala gesti. Kundi hili lote lilikuwa hadhira kabla hata ya mkanda kufika. (Wakati huo Tunduma ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, Mkoa wa Songwe, wenye makao makuu Vwawa, ulianzishwa 2016.)

Bei hupandaje kibandani?

Msomaji anaweza kudhani kwamba mwenye kibanda hupandisha bei kwa uroho tu. Uroho upo, hatukatai. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumefanya uhakiki wa kivivu, kama yule anayesema mhusika ni mbaya kwa sababu ni mbaya.

Sababu ya kwanza ni umeme. Deki, televisheni na feni havili ugali. Kati ya Januari 2011 na Januari 2014 bei ya umeme nchini iliidhinishwa kupanda mara tatu: asilimia 18.5 mwaka 2011, asilimia 40.29 mwaka 2012, na karibu asilimia 39 mwaka 2014. Ukizidisha moja juu ya nyingine utaona kwamba katika muda huo mfupi gharama ilivuka mara mbili ya ile ya 2010. Na kabla ya hapo kulikuwa na mgawo, wa 2006 na tena wa 2011, ambapo aliyetaka kuonyesha mkanda alilazimika kuwa na jenereta, na jenereta inakunywa petroli.

Sababu ya pili ni serikali na sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA iliyoanza kazi 2001, ziliweka msingi wa kumdai anayenakili kazi ya mwenzake. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki. Kwa msanii hili lilikuwa tumaini. Kwa mwenye kibanda lilikuwa gharama au hofu, na hofu nayo ina bei: anayefanya biashara huku akiangalia mlangoni humtoza mteja ile hatari anayoibeba.

Sababu ya tatu ni ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa athari, nayo ni sarafu. Bei ya shilingi mia mbili haiwezi kupanda kwa asilimia tano. Asilimia tano ya mia mbili ni shilingi kumi, na nani siku hizi anatembea na shilingi kumi? Bei ya kibandani haipandi kilima taratibu, inaruka ngazi. Kutoka mia mbili inakwenda mia tatu, yaani nusu ya bei yote kwa mkupuo. Kutoka mia tatu, mwenye kibanda anaona heri aende moja kwa moja mia tano, kwa sababu mia tano ni kipande kimoja, kilikuwa noti na tangu 2014 kikawa pia sarafu, na hakidai chenji. Kwa hiyo hata gharama zikipanda kidogo tu, mteja hupandishiwa kwa kishindo. Malalamiko mengi tuliyozoea kuyasikia vibandani, ya "mbona mmepandisha mara mbili?", chanzo chake ni hapa.

Tunduma ina jambo jingine la pekee: fedha mbili. Shilingi na kwacha hupita mkono kwa mkono. Zambia ilipofuta sifuri tatu kwenye fedha yake Januari 2013, ilibidi watu wajifunze hesabu upya, kwacha elfu moja ya jana ikiwa kwacha moja ya leo. Mwaka 2015 kwacha iliporomoka vibaya pamoja na bei ya shaba. Mwenye kibanda mpakani anayepokea fedha zote mbili anapanga bei mbili, na mojawapo huwa imepanda bila yeye kugusa karatasi ukutani.

Wateja walijibu vipi

Mwaka 1970 Albert Hirschman aliandika kwamba mtu asiyeridhika na kampuni au chama ana njia kuu mbili: kuondoka, au kubaki na kupaza sauti, na kwamba uaminifu wake ndio unaoamua atachagua ipi. Nadharia hiyo inatusaidia, lakini ikifika Tunduma inaonekana ina vyumba vichache kuliko nyumba. Wateja wa vibanda walikuwa na majibu zaidi ya hayo.

Jibu la kwanza ni kuchangishana, kama walivyofanya wale vijana watatu. Mkanda mmoja unaokodishwa unaonwa na nyumba nzima, na majirani, na mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Bei ikipanda, idadi ya watazamaji kwa kila mkanda inapanda nayo. Jambo hili lina maana kwetu sisi wa fasihi: linarudisha utazamaji kwenye kikao. Filamu iliyotengenezwa ili mtu aione kimya gizani, inaonwa sebuleni na watu kumi na watano wanaobishana kama steringi atakufa au hafi. Bei ya juu, badala ya kuua hadhira, iliikusanya.

Jibu la pili ni la wasiokuwa na hata ile mia: kuzamia na kupiga chabo. Kibanda umiza, kama watu walivyokibatiza kwa mabenchi yake membamba na joto lake, hujengwa kwa mbao, mabati au maturubai, na mbao zina nyufa. Mtoto aliyesimama nje akitazama kwa jicho moja anaona nusu ya kioo na anasikia sauti yote. Kesho yake shuleni ndiye msimuliaji hodari kuliko wote, kwa kuwa ile nusu asiyoiona ameitunga mwenyewe. Tunazungumza sana kuhusu ubunifu papo kwa papo katika fasihi simulizi. Basi hapa upo, na umezaliwa na kiingilio.

Jibu la tatu ni kulalamika. Lakini malalamiko ya kibandani hayaelekezwi kwenye bei peke yake. Mteja hasemi "mia tano ni nyingi." Husema "mia tano kwa mkanda huu?" Anadai ubora ulingane na fedha: picha isikwaruze, sauti isipotee, sidii isigande katikati. E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya 1971, alieleza kwamba umati wa Kiingereza wa karne ya 18 uliofanya fujo juu ya bei ya mkate haukusukumwa na njaa tupu. Ulikuwa na fikra ya bei ya haki. Mkate na mkanda ni vitu viwili tofauti, hilo tunakiri; hakuna aliyekufa kwa kukosa filamu. Hata hivyo fikra ni ileile. Bei iliyozoeleka huwa kama ahadi, na anayeivunja hutakiwa kujieleza. Ndiyo maana yule mwenye kibanda hakunyamaza, alisema, "Umeme umepanda." Alijua anadaiwa sababu.

Jibu la nne ni kunakili. Mkanda wa VHS ulihitaji deki mbili na saa mbili za kusubiri. Sidii ilihitaji kompyuta. Baadaye flashi na kadi ya simu zikahitaji dakika chache tu, na vibanda vingi vikaacha kukodisha vikaanza kurusha: unaleta simu yako, unachagua, unaingiziwa. Hapa bei haikupanda tena, ilianguka. Lakini ilianguka kwa nani? Kwa mtazamaji na mwenye kibanda. Msanii hakuwepo katika mazungumzo hayo hata kidogo.

Jibu la tano ni kuhama kimyakimya. Mteja hasusi kwa bango. Haonekani tena, basi. Vijana wakahamia kwenye mpira, na vibanda vikawafuata huko. Akina mama wakahamia kwenye tamthilia za televisheni, hasa ving'amuzi vilipoenea baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na miji mingine kufuata.

Bei inavyoingia ndani ya fani

Sasa tufike kwenye kiini. Wapo watakaosema kwamba yote tuliyoeleza ni historia ya biashara, na kwamba gazeti la uhakiki lingefaa kuongea sanaa. Tunawajibu kwa mfano wa "Sehemu ya Kwanza" na "Sehemu ya Pili".

Kila aliyetazama filamu za Kitanzania za kipindi kile kilichofuata Girlfriend ya 2003 anaujua mtindo huu. Kisa kimoja kinagawanywa mikanda miwili. Kinakatika pale mume anapofungua mlango, na ili ujue amemkuta nani ndani, rudi kibandani. Mtindo haukuzaliwa hapa. Living in Bondage, video ya Nigeria ya 1992 ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa soko la filamu la nchi ile, nayo ilikuwa na sehemu ya pili. Lakini hapa kwetu ulishika kasi kwa sababu ulitatua tatizo: soko haliwezi kuvumilia bei ya mkanda kupanda, basi bei ibaki palepale na kisa kikatwe vipande viwili. Huo ni upandishaji wa bei uliovaa kanzu ya fani.

Matokeo yake katika usanifu wa kisa yanaonekana wazi. Kisa cha saa moja na nusu kikinyoshwa kuwa cha saa tatu, lazima pawepo vijazio. Ndipo tunapoona gari likitoka getini, likipita barabara nzima, likiingia geti jingine, na muziki ukiimba mpaka uchoke. Tunaona mhusika akipanda ngazi moja moja. Tunaona mazungumzo ya simu ambayo tunasikia upande mmoja, kisha tunasimuliwa tena yote kwa rafiki. Wahakiki wetu waliliita hili udhaifu wa uandishi wa muswada. Ni udhaifu, ndiyo, lakini una mama na baba. Mama yake ni kibanda, baba yake ni bei isiyoweza kupanda.

Tena jambo hili si aibu ya Waswahili peke yao. Karibu karne ya 19 yote riwaya ya Kiingereza ilitoka katika juzuu tatu, kwa bei ya shilingi 31 na peni 6, fedha ambayo mtu wa kawaida hakuweza kuitoa. Hakununua, aliazima. Charles Edward Mudie alianza kuazimisha vitabu 1842, na kwa ada ya ginii moja kwa mwaka msomaji aliruhusiwa kuchukua juzuu moja kwa wakati. Riwaya ya juzuu tatu ilimfaa Mudie, kwa sababu kitabu kimoja kiliwahudumia wasomaji watatu kwa pamoja, kila mmoja na juzuu yake. Waandishi wakajaza kurasa ili zitimie tatu: visa vya pembeni, maelezo marefu ya mashamba, barua ndani ya barua. Mwaka 1894 Mudie na mwenzake W. H. Smith walipokataa kuendelea kulipa bei ile, juzuu tatu zilikufa katika miaka michache, na riwaya ikawa fupi. Maprofesa wetu hutufundisha ufupi huo kama badiliko la falsafa ya sanaa. Sehemu yake kubwa ilikuwa uamuzi wa duka la kuazimisha.

Kwa hiyo tunapomlaumu mtengeneza filamu wa Dar es Salaam kwa kuvuta kisa, tumpe pia haki ya kulinganishwa na wakubwa hao. Tofauti ni moja. Wasomaji wa Mudie walivumilia kwa miaka hamsini. Wateja wa Tunduma hawakuvumilia muda mrefu kiasi hicho. Walianza kuuliza kibandani, "Hii ni moja au mbili?" na wakiambiwa ni ya kwanza, wengi waliirudisha: "Ikija ya pili nitachukua zote." Swali hilo ni uhakiki wa muundo, japo halina tanbihi.

Mtafsiri: pale mteja anapokubali kulipa

Tungekuwa tumepotosha kama tungeonyesha kwamba mteja daima hukimbia bei. Yapo mambo aliyoyalipia kwa moyo mkunjufu, na kubwa ni tafsiri. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya awali, na wengine wengi wakafuata njia hiyo. Uganda wanao watu wa aina hiyo wanaoitwa ma-VJ, na Kenya jina la DJ Afro halihitaji kuelezwa.

Mtafsiri huyu hatafsiri neno kwa neno. Anaeleza, anatania, anamkemea adui, anamwonya steringi asiingie chumba kile. Anampa mhusika wa Hong Kong jina la mtu wa mtaani. Ni fanani kamili, na kwa vigezo vyetu vya fasihi simulizi anastahili sura nzima katika vitabu vyetu. Katika mji wenye Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali, Wanyakyusa, Wabemba wa ng'ambo na madereva kutoka Kongo, Kiswahili chake ndicho kilichowaweka benchi moja. Mteja alitambua kwamba hapa anapata kitu ambacho mkanda wa asili haukuwa nacho.

Hata Wachina walilijua hili. Tamthilia yao ya Doudou na Mama Wakwe Zake iliingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Tofauti na kibandani, hii ilikuja na hakimiliki, waigizaji wa sauti waliolipwa, na bila kiingilio. Kibanda kilishindana na dola.

Kioo cha mbali

Marekani nao walikuwa na vibanda vyao, ila vya mashine. Redbox ilikodisha dividii kwa dola 1 kwa usiku mmoja kwenye maboksi mekundu yaliyosimama madukani. Oktoba 2011 bei ikapanda kuwa dola 1.20, na sababu mojawapo waliyoitoa ni ada za kadi za benki kwa malipo madogo. Msomaji ataona ni tatizo lilelile la chenji la Tunduma, limevaa suti. Desemba 2014 ikafika dola 1.50. Mwaka huohuo wa 2011 Netflix waliwatenganishia wateja huduma ya dividii na ya intaneti, hivyo aliyetaka zote mbili akajikuta analipa karibu asilimia 60 zaidi. Katika robo moja tu ya mwaka walipoteza wateja wapatao 800,000 nchini mwao. Lakini mwishowe Netflix ilipona na maboksi mekundu yakafa: kampuni iliyoyamiliki ilifilisika 2024. Kilichoyaua hakikuwa senti ishirini. Filamu ilikuwa imeshahama kutoka kwenye sahani kwenda kwenye waya.

Hapa petu pia, tarehe 2 Aprili 2021, vifurushi vya intaneti vilipopandishwa bei, watu walipiga kelele kiasi kwamba bei mpya zilisitishwa siku hiyohiyo. Tulinganishe. Kifurushi kina mlango mmoja wa kugonga: kampuni chache, wizara moja. Vibanda vina milango elfu, na hakuna hata mmoja wenye waziri. Mteja wa kifurushi alipaza sauti kwa sababu palikuwa na wa kusikia. Mteja wa kibanda alitumia miguu.

Hitimisho

Aprili 2017 waigizaji wa filamu za Kitanzania waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Walikuwa na hoja: nani atashindana na kitu ambacho muuzaji wake hakulipia chochote kukipata? Lakini mitaani wateja wengi hawakuwa upande wao. "Tengenezeni nzuri tutanunua," walisema. Wasanii walisikia tusi. Sisi wahakiki tungepaswa kusikia taarifa. Mteja yuleyule aliyeitwa mpenda vya bure alikuwa amelipa kwa miaka mingi kwa mabenchi, kwa joto, kwa sehemu ya pili, na kwa sidii iliyoganda.

Tusiwaonee huruma vipofu, hata hivyo. Kila nakala iliyorushwa kwenye simu ya mtu ilimnyima mtu mwingine ujira wake, na mwenye kibanda aliyesema umeme umepanda hakumtaja mwigizaji hata mara moja katika hesabu zake. Mteja alihakiki, lakini hukumu yake mara nyingi ilimwangukia asiyehusika. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Kama bei ni uhakiki, basi ni uhakiki usio na maelezo, na asiyeelezwa kosa lake hawezi kulirekebisha. Wajibu wa mwanafunzi wa fasihi ni kwenda kibandani, akae benchi lile linaloumiza, amsikilize anayerudisha mkanda, kisha amwandikie mtunzi kwa lugha anayoweza kuitumia.

Wale vijana watatu, kwa taarifa, waliirudisha sidii yao kesho yake asubuhi. Mwenye kibanda aliwauliza, "Ilikuwaje?" Mmoja akajibu, "Nzuri kaka, lakini si ya mia tano." Mwenzake akamkatiza: "Ya mia tano bwana, ile ya mwisho pekee ni mia mbili." Wakaondoka wakibishana. Katika semina zetu tungeuita huo mjadala.